Shamba la Wanyama: kwani maziwa yalikwenda wapi?

MchumaMkono (Wete)

Asalam alaykum jamani. Nna suali na naomba msinicheke.

Mwanangu yupo sekondari, kaleta nyumbani Shamba la Wanyama cha Orwell, hadithi ya wanyama waliompindua Jones mwenye shamba wao na nguruwe wakashika uongozi, ile tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967, kitabu cha kuazima kimechoka hata jalada hakina, kimezungushiwa selotepu. Mie nlikisoma zamani skuli na tulichofundishwa ni ufunguo tu, nguruwe Napoleon ni Stalin, nguruwe mwenzake Snowball ni mpinzani wake Trotsky, Jones ni mfalme wa Urusi, andikeni, litakuja kwenye mtihani. Nkaandika nkafaulu nkasahau.

Juzi usiku umeme umekatika tumekaa barazani akawa ananisomea kwa tochi ya simu. Kafika pale wanyama washamfukuza Jones, ng'ombe hawajakamwa tangu jana viwele vinataka kupasuka, nguruwe wakawakama wakajaza ndoo tano. Mmoja katika kuku akasema Jones alikuwa akitutilia kidogo kwenye chakula chetu. Napoleon kaja kasimama mbele ya ndoo, akawaambia maziwa yaacheni hayo yatashughulikiwa, la muhimu mavuno, nendeni. Wakenda. Jioni kurudi ndoo tupu.

Mtoto akanyamaza kidogo, halafu, "Baba, kwani maziwa yalikwenda wapi?" Nkamwambia soma mbele. Kasoma mbele kakuta nguruwe wanayachanganya kwenye chakula chao kila siku. Akasema, "Haya, lakini mbona hakuna aliyeuliza siku ile ile?" Hapo mie ndo nkakwama, nkasingizia chaji ya simu inaisha.

Sasa nauliza nyie wenye kusoma. Mapinduzi yale yaliharibika lini hasa? Siku zote nlidhani ni pale Napoleon alipowafungulia wale mbwa tisa aliowalea mwenyewe wakamtimua Snowball, na kwamba angebaki Snowball mambo yangekaa sawa. La pili, hawa waandishi wetu wa Unguja na Pemba wapo walioandika fumbo kama hili, au tumewaachia wazungu?

Kashata_Moja

Suali zuri yakhe, ila mie nna tatizo jengine na hichi kitabu, ni hao nguruwe wenyewe. Mzungu akisoma anaona nguruwe ni mnyama wa banda kama wengine, ana akili akili, basi kurasa za mwanzo anaweza akamuamini halafu akashtuka. Sie huku nguruwe akitajwa tu kila mtu keshasema astaghfirullahi, keshajua pana balaa. Sasa usaliti utakuuma vipi na wewe hukuwahi kumpenda? Nlimhadithia bibi yangu akanikata hapo hapo, "wanyama gani hao wapumbavu wakampa nguruwe uongozi", na hadithi ikaishia hapo, sikufika hata kwenye kinu cha upepo wanachokijenga.

Ingekuwa mie ndo naandika kwa watu wa hapa ningeweka paka. Paka tunamlea, anakaa nasi sahani ikiwekwa, analala kwenye jamvi la msikiti na hakuna anomfukuza. Siku paka atakapoanza kuficha samaki na kutwambia ni kwa faida yetu ndo mtaumwa.

zenji_boi

kuna mwenye pdf?

Kashata_Moja

Kitabu kinanunuliwa, yakhe.

Mwalimu_Mstaafu

MchumaMkono, huyo mwanao mtafutie kitabu chengine haraka, huyo ndo msomaji. Mie nimesomesha hichi miaka mingi na nimesomesha kwa ufunguo vile vile unavyolalamika, nakiri ni kosa letu walimu, ufunguo ni rahisi kusahihisha, unatia vema unapita.

Jawabu ya suali lako la kwanza anayo Orwell mwenyewe. Kitabu kimetoka Agosti 1945, na mwaka 1946 akamuandikia barua Dwight Macdonald, mhariri mmoja wa Marekani, akamwambia hadithi inageuka pale nguruwe walipojiwekea wao maziwa na matufaha (matufaha ya kizungu, si matofaa yetu). Hakusema mbwa, hakusema Snowball. Akaongeza kwamba lau wanyama wengine wangekuwa na akili ya kukataa siku ile, yasingewafika yaliyowafika. Kwa hiyo mwanao bila ya kuambiwa na mtu kauliza pale pale alipotaka mwandishi paulizwe.

Sasa kuna kitu ukisoma mbiombio kinakupita. Snowball na Napoleon hawa hawajawahi kukubaliana jambo, mmoja akisema tupande shayiri nyingi mwengine atasema hapana, lakini siku ya matufaha kitabu kinasema nguruwe wote walikuwa kitu kimoja, Snowball yumo na Napoleon yumo. Ndo maana mie huyu Snowball simlilii sana. Angebaki yeye labda kinu cha upepo kingejengwa vizuri zaidi, na maziwa yangeendelea kwenda kule kule.

Na msimsahau Squealer, nguruwe msemaji wao, kwangu mie huyo ndo mtu wa kumsoma kuliko Napoleon. Anatumwa kwenda kueleza kwa nini maziwa yao peke yao. Anasema jamani sie wengi wetu hata hatuyapendi, tunakunywa kwa ajili yenu, sisi ndo tunofikiri kwa niaba ya shamba zima na sayansi imethibitisha ubongo unataka maziwa. Akimaliza hapo anatia msumari: tukishindwa kazi yetu Jones atarudi, nani kati yenu anataka Jones arudi? Kimya. Umeuona mchezo? Suali lilikuwa la ndoo tano, jawabu ikaja ya Jones, na kuanzia siku hiyo kila suali litakaloulizwa shambani lina jawabu hiyo hiyo moja. Tulokulia visiwani humu sina haja ya kueleza zaidi, kila mtu kwa umri wake anamjua Jones wake aliyekuwa akitishiwa.

Mambo ya ukutani, zile amri wanyama walizojiandikia, ile ya "asilale kitandani" kuongezwa "chenye shuka", hayo yamekuja baadae. Walikuwa washazoea.

Msumeno

Mwalimu heshima yako, lakini tuseme na upande wa pili. Hichi kitabu kimetumika. Ile filamu ya katuni ya 1954 pesa zake zilitoka CIA, majasusi wa Marekani, si maneno ya vijiweni hayo, yameandikwa, na mwisho wakaugeuza. Kitabu kinaisha wanyama wapo nje dirishani wanawatazama nguruwe na binaadamu wanagombana kwenye karata, wanatazama huku wanatazama huku hawamjui tena yupi ni yupi, kwisha. Kwenye filamu wanyama wanainuka wanawavamia nguruwe. Kwa nini? Kwa sababu aliyelipa alitaka watu waone serikali ya Urusi inaangushika. Kwa hiyo mtu akinambia hili ni onyo kwa wote namuuliza, onyo la nani kwa nani?

Halafu kuna hili la kwamba kila mapinduzi mwisho wake ni nguruwe. Babu yangu alizaliwa kwenye shamba la mtu, nyumba juu ya ardhi ya mtu, mikarafuu ya mtu, akichuma analipwa kwa pishi na mgomba wake mwenyewe hana. Baada ya mapinduzi ya 1964 akapata eka tatu. Mzee yule mpaka anaingia kaburini kila Ijumaa baada ya sala alikuwa anazunguka mpaka wake kwa miguu, anahesabu hatua. Sisi wajukuu tukimcheka, babu kwani zinapungua? Mimi siwezi kumwambia mtu kama yule ilikuwa bure.

Mwalimu_Mstaafu

Msumeno, la filamu ni kweli tupu na eka tatu za babu yako sizigusi, Mungu amrehemu.

Lakini Orwell usimpachike huko. Mtu huyu alikwenda Uhispania kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe kupigana upande wa jamhuri, mwaka 1937 akapigwa risasi ya shingo, na alipotoka hospitali waliokuwa wakiwasaka yeye na wenzake ni watu wa upande ule ule aliokwenda kuupigania. Huko ndo alikoyaona haya kwa macho. Na kitabu alipokimaliza wachapishaji walikikataa, Jonathan Cape mmoja wao, Faber alikokuwepo yule mshairi T. S. Eliot nao wakakataa, maana wakati ule Stalin yuko pamoja na Uingereza kwenye vita na hakuna anotaka kumuudhi. Hao mabeberu mwanzo hawakukitaka, wamekuja kukipenda baadae kilipowafaa.

Na kuhusu babu yako kisome tena pale asubuhi ya kwanza baada ya Jones kuondoka. Wanyama wanazunguka shamba lote, wanajigaragaza kwenye umande, wanayang'ata majani, wanakwenda kuangalia bwawa na miti kama hawajawahi kuiona, hawaamini kama ni vyao. Orwell pale hakucheka hata kidogo. Babu yako na hatua zake yumo kwenye ukurasa ule, na ndo maana ndoo ya maziwa inauma. Kama asubuhi ile isingekuwa nzuri, nani angejali maziwa?

Msumeno

Hapo sawa. Nitakisoma tena. La filamu nabaki nalo.

BiMwani (Pemba)

Nyie wanangu mie kitabu sikukisoma, nimefuata maneno yenu tangu jana, na hayo maziwa nayajua. Kwetu ilikuwa chupa ya chai.

Tulikuwa na kikundi cha wanawake wa mwani, jina nalihifadhi maana sisi bado tunazikana. Wanachama arubaini na kidogo. Tulianza kwa sababu mnunuzi alikuwa akitupunja, mwani umeuanika umekauka ukiupima kwako kilo ishirini, kwake zinasoma kumi na saba, ukisema anakwambia huu una mchanga mwanamke wewe. Tukachanga, mtu akauza kuku mtu akauza khanga mpya, tukanunua mzani wetu wenyewe. Siku mzani umefika tulipiga vigelegele hadi wanaume wakatoka msikitini kuja kutazama. Tukapima mtoto, tukapima jogoo, kila mtu anataka apandishwe ajue uzito wake. Siku ile wallahi nakumbuka hata jua lilivyokuwa.

Tukachagua kamati watu watano. Kazi yao kupima na kuandika kwenye daftari, na wakati wa bamvua, maji yakitoka sana, sie wote tuko pwani wao wanabaki bandani mpaka magharibi. Basi mmoja wetu akasema, jamani hawa si haki wakae na njaa, wafanyiwe chai ya maziwa na maandazi, pesa itoke kwenye mfuko. Hakuna aliyekataa, na ilikuwa ni haki kabisa, mie mwenyewe nilinyosha mkono. Chupa moja nyekundu, ile kubwa. Sie tunatoka majini tumelowa hadi kifuani na magunia kichwani, tunapita mbele ya banda inatupiga harufu ya iliki, tunakwenda zetu makwetu kuwasha moto.

Mwaka wa pili chupa ikapata vikombe vyake vizuri vya maua. Watoto wa kamati wakawa wanapitia pale wakitoka chuo cha Kurani wanatiliwa. Halafu ikaja nauli ya kamati. Halafu kamba mpya zikiletwa wanaanza kuchagua wao, kwa sababu wao hawana muda wa kukaa foleni, na ni kweli hawakuwa nao. Kila kitu ukikiangalia peke yake kina sababu yake nzuri. Mzani hatukuibiwa, daftari liko sawa, mwizi hakuna hata mmoja. Ila ukisimama kwenye mkutano ukauliza mbona mfuko umekuwa mwepesi unaambiwa, "Bi fulani, unataka turudi kwa yule mnunuzi?"

Na hakuna anotaka kurudi kwa yule. Basi unakaa chini.

Kashata_Moja

Bi shikamoo. Umewashinda walimu wote humu.

Punda_wa_Kiponda

Nimesoma ya Bi nkaweka simu chini kidogo.

Mie kwenye kitabu hichi ananisumbua punda, Benjamin, na jina langu hapa mnaliona. Huyu anajua kusoma kama nguruwe yeyote lakini hasomi, anasema hakuna cha maana cha kusoma. Hacheki. Ukimuuliza mapinduzi vipi anakwambia punda wanaishi miaka mingi. Miaka yote amri zinabadilishwa ukutani yeye anaona na kimya. Siku moja tu anapiga mbio na kupiga makelele, siku gari inakuja kumchukua Boxer, yule farasi aliyefanya kazi mpaka mapafu yakaharibika. Wanyama wapo wanampungia mkono kwaheri Boxer, kwaheri, Benjamin anawaambia wapumbavu nyie hamuoni pameandikwa nini ubavuni? Ndo anawasomea, ni gari ya mchinja farasi. Gari inaondoka. Kwa hiyo kusoma kwake kote maisha yake yote kumemfaa kujua jina la muuaji wakati mlango ushafungwa. Mabarazani kwetu tunao wa namna hii wengi, kahawa mkononi, anajua kila kitu, "mie nlijua zamani". Na mie mmoja wao.

Lakini nilichotaka kusema ni hichi. Baada ya hapo Squealer anakuja kueleza kwamba Boxer alikwenda hospitali, gari ile kweli ilikuwa ya mchinjaji, ila daktari kainunua na hajaifuta maandishi ya zamani. Nlivyokuwa mdogo niliona uongo ule wa kitoto mno, nani ataamini? Sasa angalieni gari zetu. Hivi vigari vya mizigo na vibasi vinavyokuja vimetumika Japani, ubavuni vimeandikwa Kijapani, pengine ni duka la samaki, pengine skuli ya watoto, pengine ni watu wa kuzika, inabeba abiria miaka kumi hapa mjini na hakuna aliyewahi kuuliza pale pameandikwa nini. Squealer angekuja huku asingehangaika hata kujieleza.

Na siku chache baadae nguruwe wakapata pesa ya kununua kasha jengine la wiski. Kitabu hakisemi imetoka wapi.

DadaWaMalindi

Suali la pili hakuna aliyeligusa mpaka sasa, mmeshughulika na nguruwe tu.

Kaka MchumaMkono wewe uko Wete halafu unauliza kama wapo, na Said Ahmed Mohamed ni wa hapo hapo Pemba, kazaliwa 1947. Tafuta tamthilia yake Kivuli Kinaishi, ya 1990. Nchi yenyewe inaitwa Giningi, na wewe Mpemba sina haja ya kukueleza Giningi ni wapi, sote tulitishiwa nayo na mabibi zetu, mji wa wachawi. Kule anatawala Bi Kirembwe, na watu wanalishwa unga wa ndere, ukishaula huna tena suali la kuuliza, unaitikia tu, mpaka anatokea mmoja, Mtolewa, anakataa kuitikia. Sasa linganisheni. Shamba la Orwell linahitaji mbwa tisa na Squealer wa kuzunguka kutwa kueleza. Giningi inahitaji unga. Mie naona hili letu ni kali zaidi maana mbwa unamuona anakuja, unga unaula mwenyewe kwa mkono wako na njaa yako. (Bi na chai yake naye kaleta hili hili, au nakosea?)

Mwengine ni Adam Shafi lakini yeye hafichi kwenye wanyama, kwake watu ni watu na jela ni jela. Mwaka 1978 katoa Kasri ya Mwinyi Fuad, bwana mwenye mashamba na Kijakazi anayemtumikia mpaka mgongo unapinda, na mapinduzi yanakuja kama alfajiri kweli kweli. Mwaka 2003 huyo huyo katoa Haini, kiongozi kauliwa, watu wanakamatwa wanateswa, na mateso anaandika kama mtu aliyeyajua, kwa sababu na yeye alifungwa baada ya kuuliwa Rais Karume 1972. Nnaposoma wengi wanavichukua vitabu hivi mbali mbali, hichi cha mapinduzi, hichi cha jela. Visomeni mfululizo, usiku wa leo kimoja usiku wa kesho kimoja. Robo karne katikati yake. Wapo wanosema mwandishi kabadilika, mie naona ni kama mtu mmoja aliyekuwepo ndoo zikijazwa asubuhi na akawepo jioni zilipokutwa tupu, na zote mbili akazieleza kama alivyoziona, bila ya ya jioni kuifuta ya asubuhi.

Kwenye shairi mumsome marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu, lile la Kimbunga. Kila mtu analifumbua kwake na mwenyewe alikuwa ukimuuliza haachi kutabasamu, ndo tulivyohadithiwa.

Kashata_Moja

Unga wa ndere umewazidi paka wangu, nakubali.

MchumaMkono (Wete)

Ahsanteni wote, Mwalimu, dada wa Malindi, Msumeno, wote. Kivuli Kinaishi nshaagizia Unguja, inshallah kwa boti ya Jumamosi.

Jana nimemsomea mwanangu maneno yote humu, ya nguruwe kayasikiliza vizuri, ya gari za Kijapani kacheka. Ya Bi na chupa ya chai alitulia kimya. Bi samahani sana, huyu mtoto na masuali yake mnamjua sasa, kaniuliza, "Na huyo bibi mwenyewe aliwahi kuwemo kwenye kamati?" Nkamwambia sijui, si adabu kumuuliza mtu mzima. Akasema muulize wewe.

BiMwani (Pemba)

Ana akili, Mungu amkuze. Mwambie mwaka wa tatu ndo walinichagua, mweka hazina.

Siku ya kwanza nlisema mie sinywi. Siku ya pili ikanyesha mvua.